Krimu ya Uso ya Nyumbani Imekatika, Imeota Ukungu au Inawasha: Kosa Liko Wapi?

Maswali ninayoulizwa kuhusu krimu za jikoni hayabadiliki. "Dada, imekatika." "Dada, ina punje kama sembe." "Dada, nimepaka usiku, asubuhi uso umeumuka kama andazi." Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi, nikamalizia na ile ya nadra. Anza na dalili unayoiona kwenye kopo lako, na usirukie dawa kabla hujakagua.

Lakini kwanza jibu swali moja: je, ndani ya kopo kuna maji? Jeli ya shubiri ni maji. Marashi ya waridi ni maji. Maji ya mchele, juisi ya tango, chai, maziwa na tui, yote ni maji. Kama umechanganya mafuta, siagi na nta peke yake, hujatengeneza krimu, umetengeneza siagi ya kupaka, na matatizo yako yatakuwa machache. Matatizo makubwa kwenye ukurasa huu yanaingia kwa mlango wa maji. Ndiyo maana anayeanza leo namshauri atengeneze siagi miezi miwili mitatu kwanza: siagi ya shea gramu 70, mafuta ya ufuta au ya mbuyu gramu 25, nta ya nyuki gramu 5. Krimu itamngoja.

Kwa anayetaka krimu hasa, nitatumia mfano wa gramu 100 ili tuelewane: maji 70, mafuta 17, siagi ya shea 6, nta ya kuunganishia 6, kihifadhi (cha kuzuia bakteria na ukungu) 1. Hizo ni gramu za mizani, si vijiko.

KRIMU IMEKATIKA: MAFUTA JUU, MAJI CHINI

Aliyewahi kupika kwa tui anaijua hali hii. Ukiliacha tui lichemke bila kulikoroga, linakatika. Maji na mafuta hayaoani yenyewe, yanahitaji mshenga. Kwenye tui, mshenga ni protini za nazi yenyewe. Kwenye krimu lazima umlete wewe.

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali, ni kwamba mshenga hayupo. Mtu ameweka nta ya nyuki akiamini kazi imekwisha. Nta ya nyuki inagandisha mafuta, haishiki maji. Utakoroga, utaona mchanganyiko mweupe unaovutia, utalala ukifurahi, na asubuhi utakuta kidimbwi chini ya kopo. Unachohitaji ni nta ya kuunganishia, ambayo wauza malighafi wanaiita emalsifaya. Inauzwa kama vipande vyeupe au chengachenga. Soma pakiti. Kama imeandikwa nta ya nyuki tu, umeshapata jibu.

Sababu ya pili ni joto. Mafuta yalikuwa ya moto, maji ya bomba yakamiminwa yakiwa baridi, nta ikaganda papo hapo kabla haijafanya kazi. Vyombo vyote viwili vifike nyuzi 70 hadi 75 ndipo vikutane. Kama huna kipimajoto, weka bakuli zote mbili ndani ya sufuria moja pana yenye maji yanayotokota taratibu, ziachie dakika 20, zitoke pamoja.

Ya tatu: umeacha kukoroga mapema. Blenda ya mkono kwa dakika mbili, ukipumzisha kila baada ya sekunde 20, kisha kijiko au mwiko mpaka krimu iwe vuguvugu. Wengi huacha ikiwa bado ya moto kwa sababu inaonekana imeshakuwa.

Halafu kuna vipimo vya vijiko. Kijiko cha nta ya chenga na kijiko cha nta iliyoyeyuka havina uzito mmoja. Na mwisho, vitu vinavyoongezwa dakika za majeruhi: maji ya ndimu, chumvi, jeli nyingi ya shubiri, mafuta ya harufu kwa kumimina. Hivyo huvunja ndoa iliyokwisha kufungwa.

Je, inaokoleka? Kama imekatika siku hiyo hiyo, na hujaweka kihifadhi, ndiyo. Irudishe kwenye bakuli juu ya maji ya moto mpaka nyuzi 70, ongeza gramu 2 za nta ya kuunganishia kwa kila gramu 100, koroga upya mpaka ipoe. Kama kihifadhi kilishaingia, usiongeze kingine kwa kukisia. Ipake visiginoni siku mbili tatu, kisha itupe. Na kama imekaa imekatika kwa siku kadhaa, usiikarabati kabisa, maana yale maji ya chini yameshakuwa shamba la wadudu.

Angalizo la moto: nta isiyeyushwe moja kwa moja juu ya jiko la gesi au mkaa. Ikishika moto, zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko wa bati, na usimwagie maji. Moto ukipanda juu ya sufuria, toka nje na uite zimamoto.

INA PUNJE, INAKWARUZA USONI

Hapa mshukiwa ni siagi ya shea, na mara nyingi hana kosa. Ndani ya shea kuna mafuta ya aina tofauti yanayoganda kwa joto tofauti. Ukiiyeyusha na kuiacha ipoe polepole mezani, yale magumu yanatangulia kuganda na kujikusanya kuwa punje. Itwae, iponde kwa vidole: ikiyeyuka na kupotea, ni shea. Iyeyushe tena yote mpaka iwe safi, kisha uipoze haraka, bakuli juu ya barafu au ndani ya friji, ukikoroga kila dakika chache. Shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, kwa hiyo ukibadilisha muuzaji, tegemea krimu itabadilika hata kama vipimo ni vile vile.

Punje ikikataa kuyeyuka kidoleni, na ni ngumu, ni nta iliyogutuka na baridi. Rudi kwenye suala la joto hapo juu. Ikiwa ya njano na inaacha rangi, ni manjano. Manjano ya unga hayayeyuki, yanaelea tu, na yanapaka mto wako. Chuja kwa kitambaa, au bora uyaache kwa ajili ya siku ya singo, ya kujisugua na kuosha.

IMEKUWA MAJI MCHANA, AU NGUMU KAMA MSHUMAA

Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Dar es Salaam au Mombasa ni mafuta ya kumimina karibu mwaka mzima, Njombe mwezi wa Julai unayachimba kwa kijiko. Siagi yako ikilegea, iyeyushe na kuongeza gramu 2 au 3 za nta ya nyuki kwa kila gramu 100. Ikiwa ngumu, ongeza mafuta yasiyoganda, kama ya ufuta, kwa kiasi hicho hicho. Jaribu tone moja juu ya kisahani kwenye friji kabla hujajaza makopo. Hapa hakuna hatari yoyote, ni ladha ya mtu na hali ya hewa.

UKUNGU, HARUFU YA UCHACHU, RANGI IMEBADILIKA

Hapa nitakaa kidogo.

Kopo la kwanza nililomtengenezea mama mdogo lilikuwa la shubiri na mafuta ya nazi. Sikuweka kihifadhi, nilitia vitamini E nikijua nimemaliza. Siku ya 6 akanipigia: "Mwanangu, njoo uione dawa yako." Nilipofungua, krimu yenyewe juu ilikuwa nyeupe safi. Ukungu ulikuwa upande wa ndani wa kifuniko, pale matone ya mvuke yalipojikusanya: doa la kijivu lenye manyoya, dogo kama punje ya choroko. Nilikuwa nimeifunika ikiwa bado ya moto. Mama mdogo alitaka kulifuta lile doa na kuendelea, kama mtu anavyokwangua ukungu wa mkate. Nikamkatalia, tukalimwaga lote chooni mbele ya macho yake, na shea ilikuwa ghali.

Ukiona ukungu juu, jua mizizi yake imeshashuka. Tena ukungu ni wa kistaarabu, unajionyesha. Bakteria wanaweza kujaa kwenye krimu isiyo na harufu wala doa, na krimu ya uso inapita jirani kabisa na macho.

Sababu, kwa mpangilio wa ninavyoziona:

Hakuna kihifadhi. Watu wengi wanaogopa neno lenyewe, wanataka "asilia tupu". Haya, lakini tango nalo ni asilia tupu, na unajua linavyokuwa baada ya siku 4 nje ya friji. Vitamini E haiui bakteria wala ukungu. Kazi yake ni kuchelewesha mafuta kuharibika. Mafuta ya mchaichai, karafuu au mkaratusi kwa kiwango kinachovumilika usoni hayatoshi. Asali ikiwa peke yake haiozi kwa kuwa haina maji ya kutosha, ila ukiichanganya na maji inaanza kuchacha kama pombe.

Kihifadhi kipo ila kimewekwa vibaya. Vingi haviwekwi kwenye krimu ya moto, subiri ishuke chini ya nyuzi 40. Vile vya fenoksiethanoli havizidi gramu 1 kwa gramu 100. Vya benzoeti na sobeti, vinavyopendwa na wanaotaka kitu cha karibu na chakula, vinafanya kazi krimu ikiwa na uchachu kidogo, yaani pH (kipimo cha uchachu) ya 5 au chini yake. Krimu yenye bekingi soda imeshavizima. Karatasi za kupimia pH zinakata mzizi wa fitina.

Vyombo na vidole. Kopo la mdomo mpana linakaa bafuni, mtu anachota kwa vidole vyenye maji akitoka kuoga. Tumia chupa ya pampu au kijiko kikavu. Makopo yaoshwe, yachemshwe au yapanguswe kwa spiriti ya asilimia 70, yakauke kabisa.

Malighafi mbichi. Juisi ya tango, papai lililopondwa, maziwa, shubiri iliyokatwa uani. Hivi vinaleta wadudu na chakula chao kwa pamoja, hata kihifadhi kizuri kinazidiwa. Ukivitaka, vifanye kuwa vya kupaka na kuosha siku hiyo hiyo. Krimu isiyo na kihifadhi ikae friji, siku 3 hadi 5, basi.

Maji yenyewe. Chemsha dakika 10, funika, yapoe. Wapo wanaokimbilia maduka ya vipuri kununua maji ya betri kwa sababu wamesikia kuwa yamesafishwa. Usifanye hivyo. Asidi ya betri inauzwa rafu hiyo hiyo, kwenye chupa zinazofanana, na wapo wanaoiita kwa jina hilo hilo. Kosa la mara moja usoni halina marekebisho.

Kukarabati? Hakuna. Iliyooza inatupwa. Usiichemshe, usiizidishie mafuta ya harufu, usimpe dada wa kazi. Na kama umeshaipaka na jicho limekuwa jekundu, linauma, linatoa tongotongo au huoni vizuri, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

INANUKA MAFUTA YA ZAMANI

Tofautisha na uchachu. Hii ni harufu ya karanga zilizokaa kabatini, au mafuta ya chipsi yaliyorudiwa mara nyingi. Hapa tatizo ni hewa, mwanga na joto, na hata siagi isiyo na tone la maji inapatwa. Kagua mafuta uliyoanza nayo: nusa chupa. Mara nyingi yalikuwa yameshaharibika kabla hujayagusa, kwa sababu yalikaa kwenye chupa za plastiki angavu juani barabarani. Alizeti inawahi kuharibika, ufuta unavumilia, nazi inavumilia zaidi. Nunua kidogo, hifadhi kwenye chupa za rangi ya kahawia, na hapa ndipo vitamini E inapostahili sifa zake, nusu gramu kwa gramu 100. Krimu iliyofikia harufu hiyo haina dawa, na inawasha ngozi.

CHUNUSI ZIMEONGEZEKA

Nazi na siagi ya kakao huziba vinyweleo vya watu wengi, hasa wenye ngozi ya mafuta. Najua, bibi zetu wamejipaka nazi miaka yote. Wamejipaka mwilini na kichwani, si tabaka nene la kulala nalo usoni. Badilisha kwanza mafuta tu, usiguse kitu kingine: ufuta kidogo, au alizeti iliyo mpya. Punguza kiasi, cha ukubwa wa punje ya harage kinatosha uso mzima. Subiri wiki 4 kabla ya kuhukumu.

Kama ni vipele vidogo vinavyolingana, vinavyowasha, vimejaa kwenye paji la uso na kuenea kifuani, huenda si chunusi za kawaida bali fangasi wa ngozi wanaoshamiri kwenye mafuta. Acha kila aina ya mafuta na umwone daktari, kwa sababu tiba yake ni tofauti. Na vinundu vikubwa vyenye maumivu vinavyoacha makovu havisubiri wiki 4.

MADOA MEUSI BAADA YA KUTUMIA

Uliza kwanza: kulikuwa na ndimu au limau? Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi na jua likaipiga, yanaweza kuunguza. Kunakuja wekundu, wakati mwingine malengelenge, kisha doa la kahawia linalokaa wiki hadi miezi. Muuza juisi wa barabarani anaweza kupata madoa hayo mikononi. Usiweke ndimu kwenye krimu ya uso, hata kidogo, hata ya usiku.

Sababu nyingine ni ngozi iliyowashwa na kitu chochote kisha ikakosa kinga ya jua. Ngozi yetu ikijeruhiwa inajibu kwa weusi. Na tafadhali usijaribu kutengeneza losheni ya jua jikoni kwa kutia unga wa zinki. Huwezi kujua kama unga umesambaa sawasawa, na sehemu zilizokosa zinaungua huku ukijiamini. Kwa mwenye ualbino hilo ni suala la saratani. Kule Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, ipo losheni ya Kilisun iliyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ualbino wa Tanzania. Waulize wahudumu wa kliniki ya ngozi iliyo karibu nawe inapatikana vipi.

INAWASHA, INACHOMA, USO UMEKUWA MWEKUNDU AU UMEVIMBA

Osha kwa maji mengi ya kawaida na sabuni laini, acha kupaka chochote, ndipo usome.

Mara nyingi ni mafuta ya harufu. Kipimo cha uso ni nusu gramu kwa gramu 100, sawa na matone 10 hivi, na watu wanatia kijiko. Mdalasini usiutie kabisa. Karafuu ya Pemba inanukia vizuri, lakini ni kali kuliko inavyonukia.

Ya pili ni ndimu na bekingi soda, moja ina asidi kali mno na nyingine inaharibu uchachu mwepesi ambao ngozi inauhitaji. Ya tatu ni shubiri iliyokatwa bila kuchujwa: yale maji ya njano yanayotoka kwenye ganda yanawasha. Simamisha jani wima kwenye glasi kwa robo saa au zaidi, yadondoke, oshea, ndipo umenye. Ya nne ni mzio wa kitu ambacho wenzako wote wanakivumilia, iwe ni ufuta, karanga au nta. Huwezi kuujua ila kwa jaribio: paka kidogo ndani ya kiwiko mara 2 kwa siku kwa siku 7. Siku moja haitoshi, mzio mwingine unachelewa. Ukiona kitu, rudia kila kiungo peke yake mpaka umkamate mwenye kosa.

Ipo sababu ya tano ambayo watu hawaisemi mpaka uwaulize faraghani. Uso ulikuwa kwenye mkorogo. Umeacha mkorogo wiki iliyopita, umeanza krimu ya asili, na sasa uso unawaka moto, unalaumu shea. Krimu nyingi za kung'arisha zilizopita sokoni zilikuwa na steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) kali kama klobetasoli, au kemikali ya kung'arisha iitwayo haidrokwinoni, au zebaki. Ngozi iliyozoea steroidi ikizikosa inageuka nyekundu, inachoma, inatoa vipele, na hali hiyo inaweza kuchukua wiki au miezi. Ndipo wengi wanaporudi kwenye mkorogo, maana ukiupaka tu unatulia. Usirudi, na usijitibu kwa kupaka siagi juu ya siagi. Nenda kwa daktari wa ngozi na umwambie ukweli wote, ulipaka nini na kwa muda gani. Ukihisi ilikuwa na zebaki, au una mimba, sema hivyo mlangoni kabisa, kwa sababu zebaki inadhuru figo na mtoto tumboni.

Dharura ni hizi: midomo, ulimi au macho yamevimba, unahema kwa shida, unaishiwa nguvu. Hapo usingoje kuche. Malengelenge, usaha, homa, au wekundu unaoenea haraka, nenda siku hiyo hiyo. Muwasho wa kawaida usiopungua baada ya siku 3 tangu uache kupaka, nao unataka daktari. Usinunue mirija ya duka la dawa kwa kubahatisha, kwa kuwa mingi ina steroidi na itakurudisha kule kule.

Ukienda, beba kopo lenyewe na karatasi yenye orodha ya kila ulichotia, pamoja na gramu zake. Kama hukuandika, andika ukiwa kwenye daladala.